Bi Futi na Makoti ya Kiwanda

Nimeambiwa niandike, kana kwamba mimi na kalamu tumewahi kuwa marafiki. Nilisema sitaki. Wakasema, "Andika tu, Bibi, kama unavyoongea." Haya, na isomwe kama ninavyoongea, na atakayeona herufi imelala upande ageuze kichwa chake, mimi siigeuzi. Kisa chenyewe si changu. Ni cha wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, fundi cherehani, ambaye mji mzima ulimwita Bi Futi kwa sababu ya lile futi la kupimia nguo alilolivaa shingoni hata akienda mazikoni.

Bi Futi alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, karibu na soko. Cherehani dirishani, benchi ukutani, kioo kirefu kilichomeguka pembe, na katikati ya sakafu pale saruji ilipolika kwa miguu ya waliosimama kupimwa. Kazi yake hasa ilikuwa hapo. Kushona kulikuwa kumalizia tu. Mtu akishasimama pale, akanyoosha mikono azungushiwe futi kifuani, hana pa kushika wala pa kukimbilia, basi atasema. Kinyozi alisema habari za mkewe. Muuza maziwa, mwenye bega la kushoto lililoshuka kwa kubeba ndoo, alikwenda kupimwa suruali tu akamwaga ugomvi wote wa ndugu zake.

"Unanipima tena, Bi Futi? Si ulinipima juzi juzi tu?"

"Juzi hukuwa na kitambi hiki. Simama."

Mtoto hana. Mume alikula kona zamani sana, hata sura yake tumeisahau. Watu wake walikuwa hao wa pale sakafuni.

Ndipo kikaja kiwanda cha paneli za sola, yale mabapa meusi yanayowekwa juu ya bati yakala jua na kutoa umeme. Kikajengwa nje kidogo ya mji, na mji ukachangamka. Kinyozi akafunga saluni. Muuza maziwa akauza ng'ombe. Asiyeingia zamu ya asubuhi aliingia ya jioni. Bi Futi alifurahi kuliko wote, maana mtunza stoo wa kiwanda, kijana mgeni mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, alikuja kumpa kazi ya kushona makoti meupe ya wafanyakazi.

"Shikamoo, mama. Tunataka makoti yasiyo na mifuko."

"Marahaba. Bila mfuko mtu ataweka wapi mkono wake akiwa hana la kufanya?"

"Kule ndani hakuna asiye na la kufanya, mama. Tena vumbi halitakiwi, na mfuko unaficha vumbi."

"Haya. Waje niwapime."

"Hawaji. Utashona madogo, ya kati na makubwa."

"Dogo la nani?"

"Dogo tu."

"Mimi sijawahi kumshonea mtu anayeitwa Dogo Tu."

Kijana akacheka, akamwachia makoti ya mfano, akaenda zake.

Akashona, akashona safi. Malipo hayakuwa mabaya, hapo sina neno. Na alipokuwa akishona alijiambia watakuja tu: huyu litambana, yule litamburuza. Akafagia, akafuta kioo. Hakuja mtu. Siku za mapumziko watu walilala, au walikwenda kununua nguo zilizoshonwa tayari kwenye maduka mapya ya barabara ya kiwandani. Kinyozi alipita dirishani mbio mbio. "Bi Futi, zamu inaniita, tutaonana." Wataonana wapi? Cherehani kina kelele nyingi lakini hakikujibu. Ikafika siku nikaingia nikamkuta anaigombeza kola. "Nimekuambia ukae sawa, wewe." Nikakohoa mlangoni, akajifanya anaimba.

Oda ya pili ilipokuja, akayabana makwapa. Si sana. Kiasi cha mtu akinyanyua mkono ahisi kuna aliyemshika. Kitambaa hakukiharibu, aliacha akiba ya kutosha ndani ya mshono, ili kulegeza iwe kazi ndogo, mwenyewe akiwa amekaa benchini anasubiri. Alishapanga yote. Atakuja kinyozi kwanza, maana yule havumilii hata kiroboto. Atamuuliza mkewe alirudi au hakurudi.

"Utafukuzwa kazi, wifi," nikamwambia.

"Nani wa kunifukuza nyumbani kwangu?" Akanikata jicho.

Kweli yakarudi. Yalirudi ndani ya viroba, nyuma ya gari la kiwanda, yamefuliwa na kukunjwa. Mtunza stoo akavitua katikati ya sakafu, pale pale pa kupimia watu.

"Mama, yanabana makwapa."

"Wanaobanwa wako wapi?"

"Kazini."

"Waje. Nitajuaje nani limembana wapi?"

"Yote yamebana mahali pamoja, mama." Alisema taratibu, bila ukali, na Bi Futi akajua kuwa kijana ameshamwelewa. "Leo nimekutetea. Ikitokea tena, wakubwa wataagiza ya mashine kutoka mbali."

Wifi yangu hajui kuomba radhi, kwao hawakufundishwa. Alisukuma viroba kwa mguu, akavuta futi shingoni.

"Simama hapo."

"Mimi?"

"Humu kuna mwingine?"

"Mimi ninalo, mama. Mimi ni la kati."

"Hakuna mtu la kati. Nyoosha mikono."

Akanyoosha, kwa adabu tu. Bi Futi akamzungushia futi kifuani, polepole, akamuuliza mama yake yuko wapi.

"Yupo," akasema kijana. Kisha akasema mama yake humpigia simu kumuuliza anakula na nani, naye humdanganya kuwa wako wengi mezani, kumbe anakula amesimama, stoo, peke yake. Bi Futi alikuwa ameshafika kiunoni. Hakuinua macho, maana ukiinua macho mtu hunyamaza. Akafungua kinywa aulize la pili, dereva akapiga honi. Kijana akashusha mikono.

"Nitakuja, mama."

Hajaja. Makoti Bi Futi aliyalegeza, dereva akaja kuyabeba, na tangu hapo anashona sawasawa. Ameona kwamba kubana kunaleta viroba, hakuleti watu. Lakini alibaki na kifua na kiuno cha yule kijana kichwani, basi akakata kitambaa chake mwenyewe, akamshonea shati. Kiwiliwili kimekwisha, kola imekaa, vifungo vipo. Mikono halina. Mikono hakuwahi kuipima. Limetundikwa msumarini.

"Si ukisie," nikamwambia. "Mimi si unanishonea kwa kunitazama tu?"

"Wewe nakujua mpaka unavyopumua, wifi. Huna jipya. Yule simjui mikono yake."

Akageukia cherehani, akaendelea na makoti.

Mimi mguu mmoja umeshakataa kazi. Nafika kwake kwa kujikokota, na nikifika hanipimi. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa usiniletee pole, sina pa kuiweka. Kwako kuna nguo inayokubana na unaivaa hivyo hivyo. Ichukue uende nayo, chumba cha mbele, karibu na soko, mlango haufungwi. Usimtajie saizi. Simama katikati ya sakafu, nyoosha mikono, na akikuuliza habari za nyumbani, mjibu, tena usiseme una haraka.