Kichwa cha Treni Mezani kwa Fundi Cherehani

Mama mkwe alipofariki tulimzika Makambako, na matanga yalipokwisha mume wangu akaamua kwamba baba yake hawezi kubaki kule peke yake. Akaja kwetu Njombe na begi moja, mablanketi mawili na kisanduku cha mbao alichokipakata njia nzima. Kondakta alitaka kukiweka kwenye buti. Mzee akakataa.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishoni, natengeneza mashine za wanaoshona, za miguu na za umeme. Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu huko Makete, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yangu. Mume wangu ana kazi ya ofisini Ludewa, anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili mchana. Kwa hiyo siku nyingi za juma nyumba ilikuwa ya watu wawili, mimi na baba mkwe, na hatukuwa na namna ya kuzungumza.

Si kwamba tuligombana. Mimi Mkinga, wao Wabena, lakini kwa jambo hili tumelelewa sawa: mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Miaka yote, kila tulipotembeleana, mama mkwe ndiye aliyebeba maneno yetu. Baba akitaka chumvi alimwambia yeye, naye akaniambia mimi, hata kama sote watatu tulikuwa hatua tatu tu kutoka kwa mwenzake. Sasa hayupo. Asubuhi nilipiga goti mlangoni nikasema, "Kamwene, baba," naye akaitikia akitazama dirisha. Nilimtengea chakula nikatoka. Akimaliza kula alisema kwa sauti ya juu kidogo, kama anayeziambia kuta, kwamba chakula cha nyumba hii ni kizuri. Nami nilishukuru nikiwa jikoni, nikiziambia kuta zilezile.

Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa hauondoki mpaka saa nne. Jiko la mkaa lilikaa kwenye chumba changu cha kazi, kwa sababu vidole vikiganda siwezi kushika skrubu. Mzee alikaa barazani ndani ya koti lake. Nilimwekea jiko lingine sebuleni, akalizima, akasema mkaa usichomwe mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Nikampigia simu mume wangu amwombe baba yake akae karibu na moto. Baba akamjibu kwamba baridi ameizoea, akaendelea kukohoa palepale.

Siku moja nilirudi sokoni nikakuta kile kisanduku mezani kwangu, kwenye foleni ya mashine zinazosubiri. Nina utaratibu wangu: kila mashine hufungiwa karatasi yenye jina la mwenyewe na ugonjwa wa mashine. Kisanduku nacho kilikuwa na karatasi, imefungwa kwa uzi mwekundu kama za wengine. Baba alikuwa ameandika jina lake lote, na chini yake: "Hakitembei. Kikaguliwe."

Nilikaa kitini nikiwa sijavua hata koti. Mkwe hawezi kusema na mkwe, lakini mteja anaweza kumletea fundi kazi. Mzee alikuwa amelifikiria jambo hilo, labda kwa siku nyingi, kule barazani.

Ndani, kikiwa kimezungushiwa kipande cha kitenge, kulikuwa na kichwa cha treni cha chuma, urefu wa kiganja na nusu, rangi ya kijani iliyofifia. Habari zake nilizijua kwa mume wangu. Baba yake alikuwa fundi wa injini za dizeli kwenye karakana ya reli. Wakati wa mafunzo, mkufunzi mmoja mgeni aliwaonyesha kwa kichwa hiki kidogo jinsi nguvu inavyotoka kwenye mota hadi magurudumuni. Miaka mingi baadaye chumba cha mafunzo kilisafishwa na vitu vya zamani vikawa vinatupwa. Baba akaandika barua kukiomba, akakubaliwa. Kilikuwa kimeshakufa. Hakuwahi kujaribu kukitengeneza. Alisema macho yake ni ya injini kubwa.

Nilikigeuza tumbo juu. Niliona skrubu mbili karibu na magurudumu, nikachukua bisibisi ndogo. Kabla sijaigusa ya kwanza nikasikia sauti mlangoni.

"Hizo sizo. Ukizifungua, magurudumu yatakumwagikia. Ipo moja chini ya tangi la mafuta."

Alikuwa amesimama kizingitini, ubavu kwangu, macho barabarani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja katika ndoa, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kuniambia moja kwa moja. Nikasugua uchafu chini ya tangi kwa mswaki mpaka skrubu ikaonekana.

"Nimeiona, baba."

Akasema niizungushe taratibu, imezeeka.

Kesho yake alileta kigoda mpaka kizingitini. Siku iliyofuata kigoda kilikuwa ndani, hatua moja kutoka kwenye jiko. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, na kikohozi kikaanza kupungua.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni kwangu. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi kwenye gia. Gamba la waya lilipukutika nilipolishika. Na kaboni zilikuwa zimekwisha, yaani vile vijiti viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Mota za cherehani nazo zina kaboni, na mimi nina kopo zima. Zangu zilikuwa nene mno, kwa hiyo nilizisaga kwenye msasa, kidogo kidogo, nikipima kila mara. Baba alizichukua akazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Alisema bado unywele mmoja. Nikasaga unywele mmoja.

Ijumaa alikwenda kanisani kwenye maombi, nami nikaona nimfurahishe kwa kusafisha bodi. Nilichovya kitambaa kwenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, nikafuta. Rangi ya kijani ilikuwa ya kiwandani, ikavumilia. Nilipogeuza kitambaa nikaona kina weupe. Ubavuni kulikuwa na tarakimu nne zilizoandikwa kwa mkono, ndogo, za rangi nyeupe, na zote zilikuwa zimetoka.

Aliporudi nilimwonyesha kabla hajaketi. Alikishika, akakigeuza upande huu na ule.

"Mama yenu ndiye aliyeandika," akasema.

Kisha akanieleza, polepole, kwamba ile ilikuwa namba ya injini kubwa ya kwanza aliyoachiwa kuifungua peke yake. Siku aliyokileta kichwa hiki nyumbani, mkewe, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza na ambaye mwandiko wake ulisifiwa Makambako nzima, alichonga unyoya wa kuku akaandika namba hiyo kwa rangi iliyobaki ya kupaka madirisha.

Nilipiga goti sakafuni nikaomba radhi. Akaniambia niinuke, sakafu ina baridi. Halafu akatoka, akakaa barazani.

Siku mbili hakuingia karakana. Nami sikugusa kazi yake. Niliitazama tu ilivyolala mezani na tumbo wazi. Mume wangu alikuwa na picha ya kichwa kile kwenye simu, na tarakimu zilionekana vizuri. Jumatatu asubuhi mzee alipoingia na kuketi, nilimwambia kwamba naweza kuziandika upya, zifanane kabisa.

"Hapana," akasema. "Paache wazi. Aliyeandika hayupo, na mimi sitaki mwandiko unaofanana na wake."

Hakuniambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alinyoosha mikono juu ya jiko, akauliza kama springi za kaboni nimeshazikata au bado.

Springi nilizitoa kwenye kalamu za wino. Nilibadilisha nyaya, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani kila ekseli na kufuta yaliyozidi. Reli zake, zilizokuwa chini kabisa ya kisanduku, zilikuwa vipande tisa, baba akavisugua kutu kwa msasa mpaka vikang'aa. Transfoma yake ya kupunguzia nguvu ya umeme ilikuwa imeungua zamani, kwa hiyo tuliazima betri ya sola ya volti kumi na mbili kwa jirani.

Jumamosi mchana mume wangu aliingia na kutukuta sakafuni, mimi upande huu wa reli na baba upande ule, vichwa vimekaribiana. Alisimama na begi lake mkononi. Kisha akaniita jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini shangazi zake wakisikia wataambiwa nini. Nilimwambia amuulize baba yake. Akarudi, akauliza.

Mzee hakuinua kichwa. "Waambie baba yako yuko karakana," akasema. "Karakana haina mkwe. Nishikie huu waya."

Mume wangu akaweka begi chini, akashika waya. Nikagusanisha nyaya na betri. Kichwa cha treni kilitetemeka, kikanguruma, kikaondoka kinyumenyume mpaka kikagonga kiatu cha mume wangu. Baba akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha kukatika katika, na mume wangu alinitazama, kwa maana tangu msibani hakuwa amekisikia. Mzee akasema nigeuze nyaya. Nikageuza, nacho kikaenda mbele, taratibu, mpaka reli ilipoishia.

Shangazi walisikia kweli. Mmoja alikuja kutoka Makambako, akatusema wote wawili, akanywa chai, akaondoka akiwa hajaridhika. Sisi hatukubadilisha mengi. Nje ya chumba kile bado napiga goti, bado natenga chakula na kutoka. Ndani yake tunaulizana, tunabishana, na asubuhi baba hutia mafuta mashine za wateja kabla sijaamka vizuri. Juzi mama mmoja aliyetoka Mlangali na cherehani yake alimsalimia yeye kwa heshima zote za fundi. Mzee akanionyesha kwa kidole.

"Fundi ni huyo. Mimi naangalia moto."

Kichwa cha treni tunakihudumia kila baada ya miezi michache: tunakifungua, tunafuta, tunapima kaboni. Mara ya mwisho niliona jino moja la gia limekatika. Nimekitafutia gia nyingine Njombe na Makambako, sijapata. Baba anasema kitaenda hivyohivyo, na kweli kinaenda, kikishtuka kidogo kila gia inapozunguka. Tunakiendesha mara mbili baada ya chai ya saa kumi, halafu kila mtu anarudi kwenye kazi yake.