Kompyuta Iliyowasingizia Watoto Uziwi

Mizani ya Adero, muuza samaki, imezoea omena na mbuta, lakini asubuhi hii imebeba kisanduku cha chuma chenye nyaya zinazoning'inia kando kama matumbo ya samaki.

Ni saa mbili, kando ya barabara ya Migosi mjini Kisumu. Wateja wamesimama na makarai yao wakisubiri zamu. Rehma Obeid hana habari nao. Amejifunga leso kiunoni, amekunja uso, na macho yake hayabanduki kwenye mshale wa mizani.

"Kilo moja na nusu, na kidogo juu," Adero anamsomea Rehma. "Hii iko na nyama, Mama Saleh."

"Weka ile ingine."

Ile nyingine inang'aa zaidi. Imebandikwa karatasi ya rangi ya dhahabu iliyoandikwa kwa majivuno: wati mia tatu. Mshale unasogea kivivu, unasimama hata kabla ya kufika kilo. Rehma anacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Wati mia tatu, uzito wa mkate! Ndani hamna kitu. Ni bati na uongo."

Kisanduku hicho ndicho kinachoilisha kompyuta umeme. Mafundi hukiita pawa saplai. Kilichotengenezwa kwa haki kina shaba na chuma cha kutosha, kwa hiyo ni kizito na hakichemki ovyo. Cha bandia ni chepesi, kinachemka upesi, na feni yake hulazimika kupiga kelele kutwa nzima ili kukipoza. Rehma, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, aliacha zamani kusoma lebo. Hupima kwa mizani ya samaki, na Adero hamtozi kitu ila umbea wa mtaa.

"Karatasi hukubali chochote utakachoiandikia," anasema. "Mizani haijui kusoma, ndiyo maana haidanganyiki."

Kisanduku anachochagua leo hakiendi dukani wala ofisini. Kinakwenda kwenye kompyuta ya kupimia masikio ya watoto. Kesho kutwa, Jumamosi, mtoto wa miaka saba aitwaye Lornah ataketi mbele ya kompyuta hiyo. Ikinguruma, Lornah ataandikiwa kwa mara ya pili kwamba ni kiziwi, na nafasi yake ya darasa la kwanza atapewa mwingine.

Na hapo ndipo hasira ya Rehma inapoanzia.

Wiki mbili zilizopita aliitwa kwenye kituo kidogo cha masikio kilicho upande wa Mamboleo. Kompyuta yao, iliyoletwa mwaka jana wa 1997 na mfanyabiashara wa Nairobi aliyeshinda zabuni, ilikuwa ikizimika yenyewe. Kabla ya kuigusa, Rehma alivuta kiti, akafumba macho, akasikiliza.

Ni desturi aliyoachiwa na baba yake. Mzee Obeid alikuwa akitengeneza redio mtaa wa Kaloleni, na alimfundisha binti yake kwa kumkalisha nyuma ya pazia. Aliwasha redio mbovu, kisha akauliza, "Inaumwa wapi?"

"Nikikosea, hanipigi. Ananiambia nirudi jikoni nikasikilize maji yakichemka mpaka masikio yaamke," Rehma anakumbuka. "Nilipofika miaka kumi, nilikuwa najua valvu iliyochoka bila kuiona."

Siku ile kituoni, masikio hayo yalimwambia kwamba chumba kizima kinanguruma. Kasha la kompyuta lilikuwa la bati jembamba linalotetemeka. Feni tatu ndogo zilikuwa zikikimbia kama zinafukuzwa. Chumba ni kimoja tu, waya wa vipaza sauti vya masikioni ni mfupi, kwa hiyo mtoto huketi hatua mbili kutoka kwenye ngurumo hiyo na kuambiwa ainue kidole akisikia sauti ndogo.

Rehma akavaa vipaza sauti, akamwomba Dorca, muuguzi wa kituo, ampime yeye. Dorca akampima. Kisha akamtazama kwa huruma.

"Pole, Mama Saleh. Hizi sauti nzito zote umekosa."

"Sista," Rehma akamjibu, "mimi nasikia feni ya jirani ikikwaruza nikiwa barabarani. Zima hiyo mashine kwanza."

Dorca akaizima. Kelele ambayo walikuwa wameizoea kiasi cha kutoisikia ikaondoka, na nje wakasikia kuku akichakura mchanga. Dorca akaketi chini.

"Nyasaye," akasema, akimwita Mungu kwa Kijaluo. "Na wale watoto?"

Wakafungua kabati la faili. Watoto kumi na mmoja walikuwa wameandikiwa barua za uziwi tangu kompyuta ile ifike. Wote kumi na mmoja walikosa sauti zile zile nzito ambazo Rehma alizikosa, zile zinazomezwa na ngurumo. Si ugonjwa huo. Watoto wa baba tofauti, wa vijiji tofauti, hawawezi kuugua kwa mstari mmoja kama waliopangwa foleni.

Meneja wa kituo, Bwana Gordon Oketch, hakufurahishwa.

"Hii mashine imetoka Nairobi, Mama," alimwambia. "Iko na stika. Imeangaliwa na wataalamu. Wewe umeitwa kurekebisha, hujaitwa kuhukumu."

"Basi hata mimi ni kiziwi. Niandikie barua yangu ya kumi na mbili nipeleke nyumbani."

Walibishana mpaka wagonjwa wakachungulia mlangoni. Mwishowe Bwana Oketch akakubali Rehma aunde kompyuta nyingine, isiyo na kelele, mradi suala la barua lisitoke nje ya chumba kile. Alitaka kompyuta inyamaze na fundi anyamaze pia. Rehma alichukua kazi. Kunyamaza hakukuahidi.

Karakana yake ni chumba cha kupanga hapa hapa Migosi, anachokilipia shilingi mia tisa kwa mwezi. Mwezi mzuri humletea elfu sita, na mwezi mzuri si kila mwezi. Alianza na taipureta miaka ya themanini, akaingia kwenye kompyuta ofisi za mji zilipoanza kuzinunua na kukosa wa kuzifungua. Hata sasa wateja huingia, wakamtazama yeye na bisibisi yake mkononi, wakauliza, "Fundi mwenyewe ako wapi?"

"Huwa nawaambia ametoka," anasema. "Wangoje. Wengine hungoja kweli, nusu saa nzima, huku natengeneza."

Alhamisi mchana anaonyesha kasha alilolichagua. Ni kuukuu, limechubuka rangi, alilinunua kiwanda kimoja kilipofungwa na samani zake kuuzwa. Analigonga kwa kifundo cha kidole. Bati jembamba huendelea kuimba ukiligonga. Hili linajibu mara moja, kisha basi.

Ndani anafunga feni moja pana kama sahani badala ya tatu ndogo, na kuipa umeme wa volti tano wakati imeundwa kwa kumi na mbili. Feni inazunguka polepole, bila haraka. Ameiwasha na kuizima mara ishirini kuhakikisha inaanza yenyewe bila kusukumwa.

"Feni ndogo hukimbia, feni kubwa hutembea," anaeleza. "Kinachotakiwa ni upepo upite, si kelele."

Prosesa, ubongo wa kompyuta, nayo ameichagua ya mwendo mdogo makusudi, ili isitoe joto jingi, na juu yake amekalisha kipande kizito cha alumini chenye meno kama kitana, kiteme joto taratibu. Diski hakuikaza kwa skrubu. Ameitundika kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mtetemo wake ufie kwenye mpira. Mahali pa kuingizia hewa ameshona kipande cha chandarua, kwa sababu vile vijidudu vya ziwani vikija kama moshi havichagui pa kuingia.

Anaiwasha. Taa ya kijani inawaka, na huo ndio ushahidi pekee kwamba imewaka.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Seline anafika kituoni akimshika mkono bintiye Lornah. Ametoka Usenge alfajiri, ambako huanika na kuuza omena. Mkoba wake una barua mbili. Moja ni ya kituo, inasema mtoto hasikii. Nyingine ni ya mwalimu mkuu, inasema asipoleta matokeo mengine kufikia Jumatatu, nafasi itakwenda kwa mwingine na yeye ashauriwe kuhusu shule ya viziwi.

"Huyu wanasema hasikii," Seline anasema, na sauti yake inapanda. "Nikiwa naanika, yeye ndio husikia injini ya mashua ya baba yake kabla yangu. Anasema, 'Mama, baba amekuja,' na mimi sioni kitu kwa maji. Hakuna mtu aliniuliza. Walinipea barua tu."

Injini ya mashua ni sauti nzito. Ni nzito kama zile ambazo kompyuta iliapa kwamba Lornah hazisikii. Swali moja kwa mama mtu lingetosha, na halikuulizwa.

Lornah anaisogelea kompyuta mpya, anaitegea sikio. "Imezimwa?" anauliza. Rehma, kwa mara ya kwanza wiki hii, anatabasamu.

Kipimo kinaanza. Kidole cha Lornah kinapanda mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Seline ameziba mdomo kwa kiganja. Kisha kidole kinatulia mapajani. Dorca anabonyeza tena. Hakuna kitu. Anabonyeza tena. Picha kwenye kioo imeganda.

Bwana Oketch, aliyekuwa amesimama mlangoni, anakohoa. "Si nilisema? Mambo ya mafundi wa jua kali hayo."

Seline anamgeukia Rehma. Rehma anasema baadaye kwamba, kuliko macho yale, angeona afadhali atukanwe.

Anaweka mkono kwenye kasha. Lina moto kama sufuria. Ndipo anapoangalia vizuri kile ambacho wote walikuwa wakikiona tangu asubuhi bila kukiona. Juu ya kompyuta kimetandikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kina maua ya samawati ukingoni. Nyuma kimening'inia mpaka chini na kuziba feni kabisa.

"Nani ameweka hiki?"

"Mimi," anasema Dorca. "Nimefuma wiki yote. Nilitaka ipendeze, watoto wasiogope mashine."

Hakuna nyumba kando ya ziwa hili ambayo redio haijavishwa kitambaa. Makochi huvishwa, televisheni huvishwa, hata chupa ya chai ina chake. Kitu cha thamani kikikaa uchi sebuleni, wageni watasema mwenye nyumba ni mvivu. Ile kompyuta ya Nairobi haikuwahi kufumiwa kitu kwa sababu hakuna aliyeipenda.

Rehma amekasirika, lakini si kwa Dorca.

"Mjinga ni mimi," anasema, huku akifungua skrubu kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Redio yangu nyumbani ina kitambaa, mama yangu alifuma. Nimewaeleza habari ya volti, nimewaeleza habari ya wadudu. Ya kitambaa sikusema. Feni niliyoipunguza mwendo haiwezi kushindana na blanketi."

Anakikunja kile kitambaa vizuri, anakitandika kwenye kiti cha mtoto, na kumwambia Lornah akikalie. Kisha wanangoja chuma kipoe. Seline anafungua leso yake na kuanza kuipepea kompyuta kama anayepepea mgonjwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna anayemcheka.

Baada ya nusu saa Rehma anaiwasha upya. Dorca anabonyeza. Kidole kinapanda. Sauti inapunguzwa, kidole kinapanda. Inapunguzwa tena mpaka Dorca mwenyewe anashika pumzi, na kidole cha Lornah kinapanda tena, safari hii kwa uchovu wa mtoto anayeulizwa kitu rahisi mara nyingi mno.

Sikio la kulia ni zima. La kushoto limekosa sauti chache hafifu. Dorca anamulika tochi ndani na kukuta usaha. Ni ugonjwa wa matone ya dawa, si wa barua. Anaandika matokeo mapya, na Bwana Oketch anaweka sahihi bila kumtazama mtu usoni.

"Ero kamano," Seline anamshukuru Rehma kwa Kijaluo, akiikunja karatasi mara nne na kuificha kifuani. Kisha anauliza swali ambalo meneja hakutaka liulizwe. "Na hao wengine?"

"Huyu mmoja tumesaidia," Bwana Oketch anajibu. "Hao wengine tutaangalia pole pole. Tusianze kuchimbua mambo."

"Mlipowaandikia hamkwenda pole pole," Rehma anamwambia. "Ile barua ya mwisho iliandikwa kwa dakika kumi."

Majina ya watoto kumi waliobaki ameyanakili kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wake mkubwa. Dorca amekubali kufungua chumba kila Jumamosi, meneja apende asipende. Rehma ataitunza kompyuta bila malipo mpaka wa mwisho apimwe. Atapita kwa wazazi mwenyewe, mlango kwa mlango.

Ataanza na Nekoye, mwenye miaka tisa, ambaye mama yake Jentrix huuza nyanya pale njia panda ya Mamboleo. Nekoye alipelekwa shule ya bweni ya viziwi miezi minane iliyopita, mbali na nyumbani. Shule yenyewe ni njema kwa anayeihitaji, Rehma anasisitiza. Lakini likizo iliyopita mtoto alifika nyumbani, mama akamwita kwa jina, akageuka mara moja. Alisikia. Mama akamuuliza habari za shule. Mtoto akamjibu kwa mikono.

"Jentrix aliniambia alidhani amekosewa adabu. Akamchapa," Rehma anasema. "Mtoto alilia kwa sauti. Ndiyo sauti pekee aliyoitoa likizo nzima."

Shule inafunga Ijumaa ijayo. Jumamosi, saa tatu, Nekoye ataketi kwenye kile kiti chenye kitambaa.

"Kompyuta nimeshainyamazisha," Rehma anasema. "Sasa nataka kumsikia yeye akisema."