Buji Nne Mfukoni mwa Papa

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya arusi ya dada yangu Furaha, uani kwetu katika mtaa wa Tshopo palinuka petroli iliyoungua badala ya chai. Hadi leo harufu hiyo ikinipitia, hata kama ni ya jenereta ya jirani, naona makaa mekundu ya mbabula, jiko letu la makaa, na katikati yake, mahali pa birika, vyuma vinne vidogo vimelala kama mihogo inayochomwa.

Vilikuwa buji, zile plagi ndogo zinazotoa cheche ndani ya injini. Papa, baba yangu, alichuchumaa akizigeuza kwa koleo, amevaa suruali ya suti na fulana ya ndani. Mama alisimama na birika mkononi.

"Papa Furaha, leo tutakunywa chai ya vyuma?"

"Ngoja kidogo, mama. Hizi nazo ziko naenda kwenye arusi."

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nilipewa kazi ya kupuliza makaa, nikaifanya kwa moyo wote, maana niliamini kwamba arusi nzima ilitegemea mashavu yangu.

Niwaeleze kwanza habari ya gari, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Gari letu lilikuwa dogo na la zamani, lakini halikuwa gari la kawaida. Papa alilitumia kubeba watu na magunia ya mchele kwenye barabara ya zamani ya Buta, yenye vilima na matope, na nguvu lililotoka nazo kiwandani hazikumtosha. Alikuwa amepeleka kichwa cha injini kwa fundi wa mashine, kikakwanguliwa milimita moja na nusu, ili petroli na hewa vibanwe zaidi kabla ya kuwaka. Kabureta nayo aliipanua. Gari likawa linapanda kilima kama mbuzi.

Injini ya namna hiyo huwaka kwa joto kali, na haikubali buji yoyote. Kuna buji ambayo pua yake ya kauri ni fupi: joto huikimbia haraka, na mafundi huiita buji ya baridi. Nyingine ina pua ndefu, hukaa na joto lake, na huitwa buji ya moto. Papa alitumia za baridi, na alikuwa na msemo wake: "Motere yenye kubanwa ni kama mutu mwenye hasira. Umupatie maji ya baridi, usimupatie pilipili."

Ila buji ya baridi ina ubaya wake. Inapenda mwendo wa kasi. Ukienda polepole haipati joto la kuchoma masizi yake, inavaa kanzu nyeusi, cheche inapotea, na gari linazimika. Na gari la arusi kwetu haliendi kasi. Linatambaa nyuma ya matarumbeta, honi zikilia, watu wakichungulia ndani kumtazama bibi-arusi, kutoka kanisani hadi kwenye sherehe. Juma moja kabla ya arusi, Papa alijaribu kutambaa hivyo kuzunguka soko. Gari lilikohoa mara mbili na kufa mbele ya vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli.

"Papa, uache hiyo sanduku," mmoja alimwambia, "panda hapa nyuma, mimi sizimikake!"

Walicheka wote. Mama hakucheka alipoambiwa. Katika mtaa wetu watu walisema kwamba gari likizimika na bibi-arusi ndani, ndoa nayo itazimika. Wapo waliokuwa wakihesabu kwa vidole miezi ambayo ndoa kama hiyo ingedumu. Na yaya Furaha, kama nilivyomwita dada yangu mkubwa, alikuwa na sababu ya kuogopa midomo hiyo kuliko wasichana wengine. Uchumba wake wa kwanza ulivunjika baada ya mahari kupokelewa, mahari ikarudishwa mchana kweupe, na majirani waliona mbuzi wakitoka. Kwa mwaka mzima hakwenda sokoni peke yake. Sasa mwalimu mmoja wa upande wa Masako, kwenye barabara ile ya Buta, alikuwa amemchagua, na mtaa mzima ulikuwa ukingoja kuona.

Ndiyo sababu Papa alitafuta buji nne za moto, zilizotumika, akazioka kwenye makaa ya Mama hadi masizi yakaisha, akapima nafasi ya cheche kwa kipande cha msumeno wa chuma, akazifunga kwenye injini. Zile za baridi alizifunga katika kitambaa na kuziweka kwenye mfuko wa koti lake la suti. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kutambaa mjini kwa buji za moto. Kisha, wageni wakila, injini ipoe saa nzima. Arudishe za baridi. Halafu ampeleke binti yake kwa mumewe, kilomita kumi na nne, kwa nguvu zote za injini.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Gari lilitambaa kama konokono, halikukohoa hata mara moja. Vijana wa toleka walipiga kengele zao, na yule aliyetucheka alimpigia Papa saluti.

Sehemu ya pili iliharibiwa na wingu. Tulikuwa hatujamaliza hata sahani ya kwanza wakati tonton Bosco, mjomba wa bwana-arusi, mtu mnene mwenye pikapu mpya, aliposimama mlangoni, akatazama juu na kumwita Papa bokilo, yaani mkwe.

"Bokilo, mvua inakuja! Barabara itafunga. Tuende sasa ao tulale hapa."

Papa alitoka nje. Nilimfuata. Alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya kichwa cha injini, akakitoa haraka. Kichwa kilikuwa cha alumini. Ukifungua buji kingali cha moto, inatoka na nyuzi za tundu linaloishika, na hapo hakuna tena gari. Alishusha boneti polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Tonton Bosco alikuwa amekuja nyuma yetu. "Gari yako imechoka, bokilo? Haina mbaya. Mumutie bibi-arusi kwa pikapu yetu, mutatukuta kesho."

Alisema kwa wema, nadhani. Lakini kwetu binti hupelekwa na watu wa kwao hadi mlangoni. Akichukuliwa na gari la upande wa mume, watu husema alikwenda kuokotwa, na neno hilo humfuata hadi kwa watoto wake. Yaya Furaha alikuwa ameshasikia. Alisimama mlangoni na shela lake, akimtazama Papa.

"Gari haichoke," Papa alisema. "Gari iko nangojea bibi-arusi."

Basi pikapu ilitangulia na bwana-arusi, nasi tukapanda. Yaya na mashangazi wawili nyuma, sanduku na godoro juu, mimi mbele kati ya Papa na mama Salome, dada yake mkubwa, mwanamke wa sauti nene na mwili wa kutosha. Tulivuka daraja la mto Tshopo matone ya kwanza yakianza kuanguka. Baada ya hapo barabara ilikuwa udongo mwekundu uliokuwa ukigeuka sabuni. Kwenye matope kama hayo hupunguzi mwendo. Ukipunguza, umelala hapo. Papa alikanyaga, na gari likapanda kilima cha kwanza likinguruma.

Ndipo nikasikia. Ulikuwa mlio mwembamba, chini ya ule mngurumo, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo la maziwa. Papa aligusa mfuko wa koti lake, akarudisha mkono kwenye usukani.

"Papa," nilisema, "motere iko nalia."

Aligeuza kichwa upande wa mama Salome na kupaza sauti:

"Mama Salome! Muko kimya hivi, munapeleka mutoto kwa bwana ao munaenda kwenye matanga?"

"Ee! Mimi, matanga?" Mama Salome alikasirika vizuri kabisa. "Ngoja uone!"

Akaanzisha wimbo. Mashangazi wakaupokea kwa vigelegele na kupiga mikono kwenye milango. Kilima cha pili misumari iliongezeka, na Papa akapiga kelele, "Nguvu! Wa Masako hawajasikia bado!" Akaimba na yeye, Papa ambaye kanisani alikuwa akisogeza midomo tu. Kilima cha tatu sikusikia tena chochote isipokuwa wimbo. Nilimtazama jasho likimtiririka shingoni huku akicheka mdomo wazi, nikawaza: sijawahi kumwona Papa mwenye furaha kama hii.

Tulifika gari likitetemeka na kutoa moshi wa buluu, lakini likiwa linatembea lenyewe. Lilisimama mbele ya mlango wa mwalimu. Yaya Furaha alishuka akiimba. Papa alizima injini, na haikuwaka tena.

Kwetu baba wa bibi-arusi haruhusiwi kulala kwa wakwe zake. Mvua ilipokatika, Papa alisema barabara ni mbaya, gari libaki hadi litakapofuatwa. Tulirudi kwa toleka mbili, yeye mbele na suti yake yenye matope, mimi nyuma, nikimsikia bado anautafuna ule wimbo.

Juma lililofuata mafundi walifungua injini, na pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Mama alipouliza, Papa alimwambia ni petroli mbaya ya chupa za barabarani. Yaya Furaha alipouliza, akamwambia vilevile. Niliamini hivyo hadi nilipokuwa mtu mzima, nikijifundisha ufundi peke yangu kwa vitabu vya Kifaransa vilivyokosa majalada. Katika kimojawapo niliona picha ya pistoni yenye tundu lilelile, na chini yake sababu: buji ya moto mno katika injini iliyobanwa, chini ya mzigo. Nilifunga kitabu. Nilikuwa nimesimulia mara nyingi jinsi Papa alivyoimba siku ile, kama kichekesho cha familia.

Nilimwendea. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Nilimuuliza kama alisikia ile misumari.

"Kwenye kilima cha kwanza," alisema. "Nilikutangulia kusikia."

"Na hukusimama?"

"Nisimame, yaya yako afanye nini? Ashuke kwenye matope na shela? Aingie kwa pikapu ya Bosco?" Alicheka kidogo. "Nilikuwa nahesabu tu. Pistoni moja, ao mbili? Nilikuwa naomba Mungu ikuwe moja."

Ikawa moja. Pamoja na pete zake, gasketi na kazi ya fundi, ilimgharimu Papa dola mia moja na themanini.