Faili Lililotoka Kwenye Grupu

Nakumbuka Jumamosi moja kule Missouri City, kando ya Houston hapa Texas, mwanangu, nilipoharibu mtihani wa mtoto wa watu huku nikipigiwa makofi. Ningeendelea kunyamaza kama si kijana mmoja wa hapa Carrollton aliyenifuata juzi nje ya kanisa, akatoa flashi mfukoni kama mtu anayetoa peremende. "Mzee, hii iko na system mpya kabisa. Nimeipata kwa grupu. Leta laptop nikuwekee."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kumzaba kofi, nikakumbuka tumetoka kwenye maombi. Nyinyi vijana mna intaneti ya kumwaga majumbani, na bado mnaokota makombo!

Sasa sikiliza. Siku hizo nilikuwa mgeni wa nchi hii. Usicheke nikisema huo ndio ujana wangu, ingawa tayari nilikuwa na watoto. Mtu akihamia nchi ya watu huanza tena kutambaa. Nilikaa Irving, kando ya Dallas, nikipakia mizigo uwanja wa ndege. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, lakini Nakuru nilikuwa nimefanya kazi kwenye saiba, duka la kukodisha intaneti, basi Wakenya wa Dallas na wa Houston wakaniita Fundi, nami jina hilo nikalivaa kama suti ya harusi.

Pale Nakuru bando lilikuwa ghali. Nani angepakua mfumo mzima wa kompyuta? CD moja ilizunguka mtaani, huyu ananakili, yule ananakili, na hakuna aliyejua ilianzia wapi. Mazoea hayo nilipanda nayo ndege. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na yangu yalinisubiri Texas.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshuka Houston kwa sherehe ya mahari ya binamu yangu. Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya Nyaboke, binti wa rafiki yangu. Mchana aliwaogesha wakongwe kwenye makao ya wazee, jioni alisomea uuguzi. Kompyuta yake ilikuwa imegoma kuwaka, na mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatatu. Angeufanyia nyumbani, programu ya chuo ikimchunga kupitia kamera. Akifaulu, kuna hospitali ilishamwahidi kazi.

"Uncle, niambie ukweli," akasema. "Itapona?"

"Mbele yangu kompyuta haifi," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Mumewe, mtu mpole, akauliza, "Si u-download tu kwa wale walioitengeneza? Nimeona wameiweka kwa ukurasa wao, bure."

Nikamcheka mbele ya wageni. "Mzungu akupe kitu bure? Huo ni mtego, bwana. Tena faili lenyewe ni kubwa, tutalala hapa."

Mwenye hekima alikuwa yeye, nami ndiye niliyecheka. Nikafungua grupu letu la mafundi wa ughaibuni. Mtu ambaye sijawahi kumwona uso alikuwa ameweka linki na kusifu bidhaa yake: nyepesi, ya haraka, haikuulizi maswali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, lakini kujua methali ni kitu kimoja na kuisikia ni kingine. Nikapakua, nikasakinisha, kompyuta ikawaka kama imetoka dukani. Wakashangilia. Nikaongezwa nyama.

Jumatatu nikiwa kazini simu ikalia. Nyaboke alikuwa analia hata maneno hayatoki. Mtihani ulikuwa umeanza tu, programu ya chuo ikausimamisha. Ndani ya ule mfumo wangu mwepesi kulikuwa na kitu kimefichwa, kinachomruhusu mtu wa mbali kuiona kompyuta na kuiendesha. Machoni pa chuo, Nyaboke alikuwa amekodi mtu wa kumjibia maswali. Kitendo hicho wakakiita udanganyifu.

Mama yake, aliyekuwa amekuja kulea mjukuu, akachukua simu.

"Fundi. Hicho kitu ulikitoa wapi?"

"Kwa grupu, Mama."

"Grupu ni mtoto wa nani?"

Nikaanza kueleza jinsi linki ilivyokuja, akanikatiza.

"Nakuuliza! Ana kwao? Ana baba tunayeweza kumwendea? Mimi nimelima mahindi Kitale maisha yangu yote. Mbegu nanunua kwenye mfuko uliofungwa na kampuni yenyewe. Anayepitapita na mbegu kwenye kopo, hata awe wa ukoo wangu, namsalimia tu. Na wewe mtoto wangu ukampandia ya kopo!"

"Mama, pengine kompyuta ni nzee..."

"Hapo aliyezeeka ni wewe peke yako, na akili bado haijafika."

Akakata simu. Nilistahili. Kosa la kwanza lilikuwa la uvivu. Hili la kuisingizia kompyuta lilikuwa la woga, na ndilo linaloniuma zaidi.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi hadi Houston, nikasimama mbele ya wakubwa wa chuo pamoja na Nyaboke. Kwa Kiingereza changu cha kuchechemea nikawaeleza kila nilichofanya. Walinisikiliza, wakalifuta lile neno udanganyifu. Lakini muda wa mtihani ulikuwa umepita, na hospitali haikungoja. Alirudia muhula mzima, mimba tumboni, huku akiendelea kuogesha wazee. Leo ni muuguzi, na bado ananiita Uncle. Ila kompyuta yake ikiharibika nami nikauliza, hunijibu kwa upole kwamba iko sawa kabisa.

Basi, mwanangu, ukitaka kuweka mfumo kwenye kompyuta, faili lake lichukue kwa mwenyewe aliyeutengeneza. Anwani yake iandike kwa mkono wako, usifuate linki ya mtu. Mwenyewe akiwa amechapisha ile alama ndefu ya herufi na tarakimu ya kuthibitisha faili, ilinganishe na ya faili ulilopakua. Zikitofautiana hata kidogo, futa. Likichelewa kushuka, pika chai ungoje. Mwenzetu anayekugawia faili si mtu mbaya, lakini naye alipewa na mtu, aliyepewa na mtu. Na siku utakayomharibia mwenzako, sema "ni mimi," siku hiyo hiyo, kabla hujatafuta cha kusingizia.

Mungu akupe subira ya kungoja kilicho safi. Wanaokuamini wasilie kwa sababu yako, na kila mlango uliokupasa ufunguke kwa jina lako mwenyewe. Ubarikiwe, mwanangu.