Karo za Mama

Juzi huko Uvira, fundi anayepanga karo, vile vigae vya sakafu, nyumbani kwa mjukuu wangu alinyoosha kamba iliyopakwa mkaa, akaivuta juu na kuiachia: pa! Nikajikuta nimerudi Baraka, nyumbani kwetu, alasiri ile mama alipomaliza kupaka rangi sakafu ya simenti.

Mistari aliipiga kwa kamba kama ile. Kisha akajaza miraba kwa brashi, mmoja mwekundu, mwingine mweupe, nyumba nzima ikinuka mafuta ya taa. Rangi ilipokauka, nilisimama mlangoni. Zilikuwa karo zile zile za altareni kanisani, ambazo sisi batoto tulikatazwa kuzikanyaga. Nikaamini Mungu amehamia kwetu. Nikapiga magoti.

“Weye, unafanya nini? Simama!” mama akasema. “Hii iko nyumba yetu.”

“Na Mungu, mama?”

Alinishika mkono, tukatembea polepole mpaka ukutani, tukarudi.

Sikujua bado kwamba aliyesugua karo za kanisani kila Jumamosi alikuwa yeye. Alizijua moja moja, kwa magoti. Za kwetu alizikanyaga akiwa amesimama.