Viganja vya Kwetu Vinasikia

Wananiambia nimsamehe mama mkwe wangu, maana nami sasa nimezeeka. Simsamehe ng'o!

Katika ukoo wetu, kule Runingu, tunarithi ngozi nene ya viganja na nyayo. Baba alikuwa nayo, bibi pia. Kiangazi inapasuka na kuuma vibaya, lakini haiambukizi mtu. Mama mkwe alilijua hilo vizuri mno. Kila jioni akitoka shambani alinigeuzia mgongo nimkune kwa viganja hivyohivyo. "Hapo, hapo! Weye iko na mikono muzuri!" Ila chini ya bega palikuwa na doa jeupe. Nikilikuna, aliuliza mbona nimeacha. Nilinyamaza, mkaza mwana haongelei kasoro za mwili wa mama mkwe.

Binti yangu alipofika miezi sita, viganja vyake vikaanza kuwa vigumu. Mama mkwe akabadilika. Hataki wajukuu wa namna hiyo, mwanawe aoe mwingine. Basi miaka ile ya Wabelgiji, muganga wa serikali alipokuja Nyakabere, kijiji nilikoolewa, kutafuta wenye ukoma, tukapangwa mstari, mama mkwe akanisukuma mbele.

"Huyu iko na ukoma, Muganga. Anatuficha."

Mungu wangu! Mwenye ukoma alipelekwa kambini, na mtoto anyonyaye akaachwa kwa bibi yake. Yaani kwake yeye! Nilimkumbatia binti yangu mpaka akalia.

Muganga akanifunga macho kwa kitambaa, akazamisha sindano kiganjani, maana ngozi yenye ukoma haisikii maumivu.

"Minye nasikia! Inauma!"

Akacheka, akasema ni ngozi ya ukoo tu, nirudi nyumbani. Sikurudi.

"Muganga, pima na mama. Mugongoni, chini ya bega."

Mama mkwe akasonya, akashusha kitenge. Sindano iliingia mara tatu, naye bado anauliza, "Utaanza saa ngapi?" Muganga akamwandika kwenye orodha ya wenye ukoma. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Siku ya kupanda lori la kwenda kambini alinishika mkono. "Mwanangu, uniombee wanirudishe." Leo mimi ni mwanawe! Niliondoa vidole vyake kimoja kimoja, nikamwambia safari njema.

Lori lilipoondoka, mume wangu akaniuliza doa lile nililijua tangu lini.

"Tangu mwaka jana," nikamjibu. "Na ningenyamaza mpaka kaburini, kama mama yako angeniachia mtoto wangu."