Mkwe wa Kitangari na Landrova Yake

Ethel alipopata kazi ya unesi Uingereza, Kitangari nzima ilifurahi isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa mumewe. Si kwamba Cuthbert alimwonea mkewe gere. Ndiye aliyempeleka Mtwara kwenye usaili, na ndiye aliyewanunulia Sophia na wadogo zake masweta kabla hata paspoti hazijatoka. Tatizo lilikuwa Landrova. Alitaka waende nayo. Tena alilisema mbele ya mzee Benedikto, mjomba wa Ethel, mbele ya watu wazima wengine, ili mwenyewe asipate pa kurudia nyuma.

"Gari lisipokwenda, nami siendi. Mama Sophia atakwenda na watoto."

Watu walicheka, maana kwa utani Cuthbert hajambo. Ethel hakucheka. Alimjua mumewe: akishasema kitu mbele za watu, hata njaa haimtoi hapo.

Sasa, ili usimwone mwendawazimu, lazima ujue kwamba huku kwetu juu ya mlima wa Newala mwanamke akiolewa hahami. Anayehama ni mwanamume. Hufunga mzigo wake akaenda kujenga kwa kina mke, na wakwe hukaa kumtazama kama ana mikono au ana mdomo tu. Cuthbert alitoka kwao Lulindi akiwa kijana, akahamia Kitangari kwa kina Ethel. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye walimpa siku ileile aliyofika. Alilima, akapalilia mikorosho ya watu, akajenga. Jina lake likawa Mkwe. Mkwe, maji yamekwisha. Mkwe, paa la mama linavuja. Hata mbuzi akipotea aliulizwa Mkwe, kana kwamba alimchunga yeye.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Wanunuzi binafsi wakapanda Tandahimba na pesa taslimu, korosho zikapata bei, na Cuthbert akanunua Landrova kuukuu. Ilibeba korosho, madebe ya maji, wagonjwa, maharusi na maiti. Haikuchagua. Ndipo watu wakaanza kumwita Baba Landrova, na asubuhi moja mzee Benedikto akavuka njia kuja kumjulia hali kwa jina lake la ubatizo. Cuthbert alifurahi hadi akashindwa kunywa chai.

Basi mtu kama huyo mwambie aende Uingereza mikono mitupu. Kazi ya mke, nyumba ya mke, kibali chenyewe kimetoka kwa sababu ya mke. Angekuwa Mkwe tena, na safari hii mkwe wa taifa zima. Mimi simlaumu.

Siku moja alimchukua Ethel wakateremka Masasi kwa Hamidu, mfanyabiashara ambaye ndugu zake walileta magari yaliyotumika kutoka Dubai. Hamidu alilizunguka gari, akapiga teke gurudumu, akaangua kicheko.

"Bwana Cuthbert, dunia nzima inatoa magari huko kuleta huku, wewe peke yako unataka kulirudisha?"

"Hili lilitoka hukohuko Uingereza," Cuthbert akajibu. "Linakwenda kusalimia wazazi."

Hamidu alicheka tena, halafu akawa mkweli. Meli zipo na wakala yupo Dar es Salaam. Lakini kule magari hukaguliwa, na kwa moshi ule gari lingezuiwa bandarini, naye Cuthbert angebaki kulichungulia kwenye uzio. "Ila ukitaka, nitakupeleka kwa wakala."

"Nipeleke," alisema Cuthbert.

Njia ya kurudi Cuthbert ndiye aliyezungumza, kwa sauti kubwa kushinda injini. Alieleza atakavyompeleka mkewe kazini kila asubuhi, na Wazungu watakavyoulizana yule ni nani. Walikuwa wameanza kupanda mlima wa kwenda Newala Ethel aliposema, "Simamisha gari."

Alisimamisha. Akashuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, maana breki ya mkono ilikuwa jina tu. Aliporudi alimkuta mkewe analia, kilio ambacho hakuwahi kukiona hata siku walipomzika baba mkwe.

"Chukua gari," Ethel alisema. "Chukua na jiko la mama ukitaka. Lakini usiniache niende peke yangu."

"Wewe? Si unakwenda kazini kwako? Mwenyeji ni wewe."

"Mwenyeji wa wapi, Baba Sophia? Mimi nimezaliwa Kitangari, nimeolewa Kitangari, mimi na mama tunaazimana makaa ya moto. Sijawahi kuhamia kwa watu hata siku moja. Sijui hata mtu anaanzaje. Nikiingia nikawakuta wamekaa, nisalimie au nisubiri? Nikikosea nimkimbilie nani? Mama hayupo. Mjomba hayupo."

Cuthbert alishika usukani asiende popote. Miaka yote alidhani hofu ile ni yake peke yake, tena ni aibu ya kufichwa. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mkewe, na papo hapo ukachangamka, kwani jambo hili alilijua.

"Unasalimia," alisema. "Hata wasipoitikia. Kesho yake unasalimia tena, mpaka waone haya wao."

Ethel alipangusa pua kwa pindo la khanga. "Halafu?"

"Chakula chao unakula, lakini usikisifie sana, watakuona mnafiki. Wakicheka, nawe cheka. Na katika wote mtafute mmoja asiye na haraka. Huyo ndiye utakayemuuliza mengine."

"Wewe kwetu ulimpata nani?"

Akina mama wenye mizigo ya kuni walipita, wakawaamkia, wakaitikiwa.

"Sikumpata mtu, Mama Sophia. Nikanunua gari."

Ethel alimgeukia. Alimtazama mtu aliyelala naye nyumba moja miaka yote ile, kwenye uwanja wa mama yake.

"Na mimi sikukuuliza hata mara moja."

"Kule utaniuliza kila siku."

Akashuka kuondoa jiwe, wakaendelea kupanda. Walipofika Kitangari, Cuthbert hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Benedikto, akamwamkia, akamtia ufunguo mkononi kabla mzee hajauliza habari za Masasi.

"Mjomba, gari lenu hilo," alisema. "Mlimani liingize giya ya kwanza mapema. Na likizima, tafadhali, usilitukane."